Ngome ya Ng'ambo ya Maji: Hotuba Kuhusu Gemu za Safari za Kijapani

Hotuba hii niliitoa Jumamosi jioni, hapa Tanga, mbele ya vijana, wazazi na walimu wenzangu. Waliokosa kufika wameomba niiweke yote. Nimeiacha kama ilivyotoka mdomoni. Nilichoondoa ni picha tu nilizokuwa nikizionyesha ukutani.

Wazee wangu, shikamooni. Vijana, hamjambo? Walimu wenzangu, na akina mama mlioacha shughuli za jioni mkaja, ahsanteni sana kwa kufika.

Wangapi humu mmeshapanda Lushoto? Naona mikono mingi. Basi mnajua. Ukifika Mombo ukainua shingo, milima ya Usambara hiyo hapo, imekusimamia usoni. Lushoto iko kule juu. Unaijua iliko, sasa mbona hufiki? Barabara inakuzungusha kona baada ya kona, mara bonde liko kulia, mara liko kushoto, na mtoto aliye mapajani anauliza, "Bado?" Bado. Kuona si kufika.

Shikeni picha hiyo, maana ndiyo iliyonileta mbele yenu.

Mei 27, 1986, kule Japani, kampuni ya Enix ilitoa gemu iitwayo Dragon Quest kwa ajili ya mashine ya Famicom ya Nintendo. Mtunzi wake ni Yuji Horii. Mchoraji ni Akira Toriyama, huyohuyo wa Dragon Ball ambayo vijana wote humu mnaijua, aliyetutoka Machi 2024. Muziki ni wa Koichi Sugiyama. Gemu nzima, yaani ramani, mazungumzo, muziki na majini yote, ilienea ndani ya kilobaiti 64. Picha moja unayopiga kwa simu yako leo ni kubwa kuliko hiyo mara nyingi.

Inaanzaje? Uko chumbani kwa mfalme na mlango umefungwa. Huwezi kutoka mpaka uzungumze na watu, ufungue makasha, uchukue ufunguo, ufungue mlango, ushuke ngazi. Hakuna kitabu cha maelekezo unacholazimika kusoma. Ukishatoka chumbani umekwisha kujifunza kucheza. Mimi ni mwalimu, na nawaambia kwa dhati: hilo ni somo la kwanza lililopangwa vizuri kuliko masomo mengi niliyowahi kuona darasani.

Halafu unatoka nje. Hatua chache tu, unatupa macho ng'ambo ya maji, na unaona ngome nyingine. Ile nyeusi. Ya adui. Iko pale, jirani kabisa, ungeweza kumwita mtu akaitika. Unaiona tangu dakika za mwanzo. Lakini hakuna daraja na huna chombo. Itakubidi uzunguke dunia nzima, milima, mabwawa, mapango, vijiji, mpaka upate kito kitakachotandaza daraja la upinde wa mvua juu ya mlango ule wa maji. Safari yote ile, saa kwa saa, ni ya kuvuka maji ambayo ungeweza kuyavuka kwa kurusha jiwe.

Gemu za namna hii wachezaji wanaziita JRPG, kifupi cha Kiingereza cha gemu za Kijapani za kuvaa nafasi ya mhusika. Mimi kwa Kiswahili naziita gemu za safari, na jioni hii niruhusuni nitumie jina hilo. Mbegu yake ilitoka Marekani, kwenye gemu za kompyuta kama Ultima na Wizardry za mwaka 1981. Horii alizipenda, lakini zilitaka kompyuta na uvumilivu wa mtu mzima. Alichofanya ni kuzimenya, akabakisha kiini, akampa mtoto mwenye padi ya vitufe vichache.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo uzuri wake ulipo.

Adui mdogo kuliko wote katika gemu ile ni kidude cha rojorojo chenye umbo la tone la maji, kinatabasamu. Kinaitwa slime. Ukikishinda kimoja unapata alama 1 ya uzoefu. Ukifikisha alama 7, unapanda daraja la pili, nguvu zinaongezeka, uhai unaongezeka. Saba tu! Daraja la mwisho, la 30, linataka alama 65,535. Namba hiyo ndiyo kubwa kuliko zote inayoweza kukaa kwenye baiti mbili, yaani hesabu inakoma pale mashine inapokoma.

Je, ukishindwa vitani? Hufutwi. Unaamka mbele ya mfalme, nusu ya dhahabu yako imepotea, lakini uzoefu wako wote unao. Narudia: dhahabu inapungua, uzoefu haupungui. Jamani, katika gemu nyingi za miaka ile, ukifa mara tatu unaanza upya, na anayefika mwisho ni mwenye vidole vyepesi. Huku mapigano yanakwenda kwa zamu, kama bao. Adui anakungoja. Unafikiri, unachagua, unaweka kete yako. Anayefika mwisho ni aliyekaa.

Naomba niwaambie kuhusu shangazi yangu. Shangazi ni fundi cherehani, amewashonea sare watoto wa mtaa mzima. Miaka michache iliyopita alipata kiharusi, mkono wa kulia ukafa ganzi. Mtu aliyezoea kufanya kazi tangu alfajiri akawa anakaa barazani, anatazama njia. Watoto wakamletea gemu za simu, za kukimbia, za kuruka, za kupanga vitu kwa haraka. Zote zilimuumiza moyo, kwa sababu zote zilikuwa zinamwambia jambo moja: umechelewa, umechelewa, umechelewa.

Nikamwekea Dragon Quest ya kwanza. Toleo la simu linashikwa wima na kuchezwa kwa mkono mmoja. Lugha yake ni Kiingereza, naye Kiingereza hakijui, kwa hiyo nilikaa pembeni nikawa namsomea. "Huyu mzee anasemaje?" Nasema, shangazi, anasema mapango ya kusini yana giza, beba mwenge. "Na huyu mwanamke?" Anasema mji wake umechomwa. Kidole cha gumba cha mkono wa kushoto, polepole. Hakuna aliyemwambia amechelewa. Nitarudi kwake kabla sijashuka hapa.

Mnataka kujua Wajapani walilipokeaje jambo hili? Toleo la tatu la Dragon Quest lilitoka Februari 10, 1988, siku ya Jumatano. Watu walilala nje ya maduka. Nakala zaidi ya milioni ziliondoka siku hiyohiyo, na polisi wakawakamata watoto wengi wa shule kwa utoro. Toleo la nne likatoka Jumapili, Februari 11, 1990. Wazee mtaikumbuka tarehe hiyo kwa sababu nyingine: ndiyo siku Mandela alipotoka gerezani. Watu husema bunge la Japani lilitunga sheria ya kuzuia gemu hizi zisitoke siku za kazi. Si kweli, hakukuwa na sheria kama hiyo. Walimu wenzangu, msiitumie.

Paukwa!

(Pakawa!)

Ahsanteni, mmeitika vizuri kuliko darasa langu.

Hapo zamani palikuwa na mtoto aliyesafiri na baba yake. Baba huyo, Papas, alikuwa hashindwi. Mnyama akitokea njiani, mtoto anapiga kidogo, baba anamaliza. Na kila baada ya pigano, baba anamponya mtoto majeraha yake, bila kuombwa. Unapocheza hulifikirii sana jambo hilo. Ndivyo baba walivyo.

Siku moja adui akamshika mtoto, akamwekea fyekeo shingoni, akamwambia Papas: ukijitetea, mwanao anakufa. Papas akashusha upanga. Wakampiga mpaka akafa, mtoto anaona. Neno lake la mwisho ni kwamba mama yako yu hai, mtafute. Mtoto akapelekwa utumwani, akabeba mawe miaka kumi.

Akatoroka. Akakua. Ukafika wakati wa kuoa, na hapo gemu inakusimamisha uchague mwenyewe: binti wa tajiri, ambaye kwao kuna utajiri na ngao ya kale unayoihitaji, au rafiki yako wa utotoni anayemuuguza baba yake kijijini mlimani. Wajapani wanabishana juu ya uchaguzi huo tangu 1992 hadi leo. Nyinyi mngechagua nani? Msijibu, humu ndani kuna ndoa za watu.

Wakazaliwa mapacha. Na kabla hajawalea, adui akamgeuza yule kijana jiwe. Jiwe kweli. Akauzwa kama sanamu ya bustani, akasimama miaka minane kwenye ua wa watu, mvua na jua. Mwenye nyumba alimnunua akiamini ni sanamu ya kumlinda mtoto wake mchanga. Mtoto yule alipotekwa, baba kwa uchungu akaiangusha sanamu chini. Nawe umo ndani ya jiwe, unaona yote, huwezi hata kufumba macho.

Waliomkomboa ni watoto wake wenyewe. Walikuwa wamekua wakimtafuta.

Hadithi hiyo ni Dragon Quest V. Ukishatoroka utumwani unaupata upanga wa shujaa wa kale, na wewe, mchezaji, unadhani shujaa ni wewe. Unaushika, unakukataa. Kumbe shujaa ni mwanao. Wewe ulikuwa njia tu ya yeye kupita. Nilipofika hapo nilikuwa baba wa mtoto mmoja. Usiku ule, katika pigano fulani dogo lisilo na maana yoyote, niligundua kwamba baada ya kila vita kidole changu kinakwenda kumponya mwanangu yule wa ndani ya gemu kwanza, kabla ya mtu mwingine yeyote. Hakuna aliyeniambia nifanye hivyo. Nilikuwa nafanya alichokuwa akinifanyia Papas.

Ni hadithi gani nyingine ingenifundisha jambo hilo kwa mkono wangu? Kusoma ningelisoma. Hapa nililifanya, mara mia, kabla sijaambiwa lina maana gani.

Lakini ndugu zangu, ngojeni. Sikuja kuuza.

Kuna kazi ndani ya gemu hizi ambayo mimi naiita kutwanga. Unatembea huku na huku, kila hatua chache skrini inazima, adui wanatokea. Unapiga, alama zinaingia. Unatembea, skrini inazima, unapiga. Tena. Tena. Saa moja, saa tatu, kwa sababu adui wa mbele ni mzito na wewe bado mwepesi. Kutwanga. Swali ni hili: unatwanga mpunga, au unatwanga maji kinuni?

Niwape mfano wa mpunga kwanza. Januari 31, 1997 kampuni ya Square ilitoa Final Fantasy VII kwa PlayStation, sidii tatu. Mimi niliikuta miaka kadhaa baadaye, kwenye kibanda cha gemu mtaani kwetu, chenye TV mbili na unalipa kwa dakika. Vibanda vyetu vilikuwa vya mpira, na mnajua kwa nini. Mechi moja inaisha, mwingine anaingia, hela inazunguka. Gemu ya saa 40 itachezwaje kwa dakika za kulipia? Hiyo ni sababu moja kubwa kwa nini kizazi changu hapa Pwani kilikua na mpira wa PlayStation, gemu za safari zikatupita. Mwenye kibanda aliniruhusu asubuhi za likizo, kabla wateja wa mpira hawajaamka.

Katika gemu ile yumo msichana muuza maua, Aerith. Ndiye anayeponya wenzake. Nilimpandisha madaraja asubuhi kwa asubuhi, nikamnunulia fimbo nzuri kuliko zote, kwa hela zangu za andazi, kwa maana kila dakika pale ilikuwa hela ya andazi. Mwisho wa sidii ya kwanza anauawa akiwa amepiga magoti anaomba. Na mara tu anapokufa linaanza pigano. Kwa kawaida pigano likianza muziki unabadilika, unakuwa wa vita. Safari hii haubadiliki. Ule muziki wake laini, alioutunga Nobuo Uematsu, unaendelea, nawe unapigana juu yake. Zamu yake inapaswa kufika, haifiki. Nafasi yake ni tupu.

Je, ningelia kama ningekuwa nimemwona kwenye sinema kwa dakika kumi? Sidhani. Nililia kwa sababu ya asubuhi zote zile. Kutwanga ndiko kulikompa uzito. Mpunga ulikuwa mpunga.

Safari ile sikuimaliza. Memori kadi ya PlayStation ilikuwa na vyumba 15 vya kuhifadhia. Siku moja nikafika, nikakuta mtu amefuta chumba changu apate nafasi ya ligi yake. Sikumlaumu yeyote, kadi haikuwa yangu. Japani nako watoto waliyapata mazito. Dragon Quest ya kwanza haikuwa na kadi, ulipewa herufi 20 uziandike daftarini, na ya pili ilifikisha herufi 52. Ukikosea moja, safari imepotea.

Sasa maji kinuni.

Kaka yangu mkubwa anafanya kazi Muscat. Mwaka mmoja alirudi nyumbani kwa likizo ya wiki mbili, baada ya miaka mitatu bila kuonana. Nilikuwa katikati ya gemu moja ya Kijapani, naifukuzia silaha ya siri. Mnaijua habari hiyo vijana. Katika Final Fantasy X kuna mahali unatakiwa ukwepe radi mara 200 mfululizo, ukikosea moja unarudi sifuri. Katika Final Fantasy IX kuna upanga unaoupata tu ukifika mwisho kabla ya saa 12 za gemu hazijatimia, ingawa gemu yenyewe imekushawishi njia nzima uzurure na uzungumze na watu. Vitu vya namna hiyo havina hadithi ndani yake. Havikuongezei maarifa ya ulimwengu ule wala upendo wa mtu yeyote aliyemo. Ni maji kinuni.

Kaka akikaa sebuleni, mimi nipo, macho kwenye skrini. Akisimulia, naitikia "enhe, enhe". Mama akaniita nje akaniambia, "Mwenzio amekuja." Nikasema nakuja. Siku ya kumsindikiza, nilikuwa nimefikisha saa 94. Najua kwa hakika, kwa sababu gemu hizi zinakuandikia. Kila ukihifadhi safari, zinakuonyesha muda uliotumia. Wazee, saa 94. Namba hiyo naikumbuka. Alichonisimulia kaka usiku wa mwisho, kuhusu kazi yake na mambo yaliyomsibu kule, sikikumbuki. Nilimpigia mwaka jana nikamwomba anisimulie tena. Akasema, "Ah, yale yamepita."

Kwa hiyo mtu akisema ubaya wa gemu hizi ni ushetani, au ni picha za majini, mimi simsikilizi sana. Ubaya wake ni muda. Zimetengenezwa na watu waliojua kabisa kwamba mtu atakaa, na wengine wao wakaacha kujiuliza anakaa kwa ajili ya nini. Hazikuambii ukalale. Hazikuambii kwamba kaka yako yumo chumbani.

Yapo mengine, nitayataja kwa haraka. Wanawake wengi wamechorwa kwa jicho la mwanamume, na mzazi wa binti ana haki ya kukasirika. Shujaa ni kijana wa miaka 17 mara nyingi mno, kana kwamba aliyefika 40 hana safari. Na hadithi nyingine hazina njia panda. Final Fantasy XIII ya 2009 wachezaji wengi waliilalamikia kwamba ni kama kutembea kwenye korido ndefu. Hayo yanasameheka, kila aina ya hadithi ina yake.

Lisilosameheka ni hili nitakalolisema sasa, na wazazi naomba mnisikilize.

Japani kuna mashine ndogo za dukani zinaitwa gachapon. Unatia sarafu, unazungusha mkono wake, kinatoka kimpira chenye kikaragosi ndani. Hujui utapata kipi. Watengenezaji wa gemu za simu wakachukua desturi hiyo, wakaiita gacha, wakaitia ndani ya gemu za safari. Zamani ulitwanga kwa muda wako. Sasa wakasema, muda hutaki kuutoa? Toa hela, zungusha, huenda ukampata shujaa mwenye nguvu. Huenda. Ilifika mahali pa kukutaka ukusanye seti nzima ya vitu vya bahati ili upewe kimoja adimu, na Mei 2012 mamlaka ya Japani ya kulinda walaji ikatangaza kwamba mtindo huo wa seti ni kinyume cha sheria. Gacha ya kawaida ikabaki, na ipo mpaka leo.

Mnaona kilichotokea? Ile ahadi ya 1986, kwamba aliyekaa atafika, imegeuzwa. Aliyekaa sasa anacheleweshwa kusudi ili alipe. Tena hata ukilipa, si chako. Final Fantasy Brave Exvius ilianza 2015, na toleo lake la kimataifa likafungwa 2024, pamoja na kila shujaa aliyelipiwa na mtu yeyote. Memori kadi yangu angalau ilifutwa na jirani aliyetaka kucheza ligi.

Mzazi, ukiikuta gemu kwenye simu ya mwanao, usiulize kwanza ina vita au haina. Uliza: inauzwa mara moja ikawa imekwisha, au ni ya bure halafu inauza bahati? Ukijua hilo umejua karibu yote.

Niseme juu ya lugha, maana ndiyo kazi yangu. Gemu hizi ni maneno. Ondoa maneno, hubaki na kitu. Na maneno yenyewe yalichelewa hata kwa Wazungu: Dragon Quest V ile niliyowasimulia ilitoka 1992, na Kiingereza chake cha kwanza kikatoka 2009. Miaka 17! Kwa Kiswahili, mimi sijaona hata moja. Vijana wetu wanazicheza kwa Kiingereza, wengine kimewasaidia sana. Mimi mwenyewe maneno kama "mwasi" na "laana" kwa Kiingereza niliyapata kibandani, nikirudi nyumbani kupekua kamusi. Lakini anayekosa Kiingereza anabaki kubonyeza vitufe tu, hadithi inampita juu ya kichwa.

Mtasema kutafsiri ni kazi kubwa ya wataalamu. Hebu sikieni. Ile gemu ya kwanza ilikuwa finyu kiasi kwamba Horii na wenzake hawakuweza kutia herufi zote za katakana, mwandiko ambao majini wake wamepewa majina. Walichagua herufi 20 tu, wakatunga majina yanayoandikika kwa herufi hizo. Sentensi zake ni fupi, watu wake wanasema jambo moja wananyamaza. Huo si ushairi? Sisi tunaohesabu mizani na vina, tulioshiba methali, tunaogopa nini kwenye kidirisha cha mistari michache? Na wapo Waafrika waliokwisha kuthubutu. Kiro'o Games ya Yaoundé, Kameruni, ilitoa Aurion mwaka 2016, gemu ya safari yenye ulimwengu wa Kiafrika wa kubuni, na watengenezaji wake ni vijana waliokua na gemu hizihizi za Kijapani. Walimu wa Kiswahili, vijana wa kompyuta, mkitaka kukaa meza moja, mimi nipo kila Jumamosi.

Nilisema nitarudi kwa shangazi.

Ilimchukua karibu miezi minne. Kuna jioni alicheza dakika kumi, kuna siku hakugusa. Akaupata upinde wa mvua, akavuka maji. Akashuka ngome ile nyeusi, ngazi baada ya ngazi, mimi pembeni yake namsomea, mpaka akafika mbele ya mwenyewe, mfalme wa madragoni. Na mfalme huyo hapigani kwanza. Anauliza. Anasema: jiunge nami, nitakupa nusu ya dunia. Chini yake kuna maneno mawili, ndiyo na hapana.

Nikamsomea. Shangazi akaiweka simu mapajani.

"Nusu ipi?" akaniuliza.

Nikasema, shangazi, nusu ya dunia.

"Nimesikia. Nauliza nusu ipi? Ile yenye wale watu tuliozungumza nao, yule mama aliyechomewa mji, au nusu nyingine?"

Mimi nilikuwa nimeshasoma habari za gemu ile miaka mingi, na nilijua kwamba katika toleo la 1986 mtoto wa Kijapani aliyejibu ndiyo alipewa nusu ya giza, na mchezo ukaishia hapo. Sikumwambia. Nilimsomea tena maneno yalivyo, neno kwa neno.

Akafikiri mpaka adhana ya magharibi ikaanza. Akasema basi, kesho. Akaifunga simu, akaomba aletewe maji ya kutawadha.

Kesho yake nilipofika nilimkuta ameshajibu.